Kioo cha Kuanikia Omena

"Nimesema rudisha hiyo kitu mahali umeitoa."

"Sirudishi, Mama."

"Nasipwondi."

"Hata ukiniita kwa majina yangu yote, sirudishi. Na zile zingine ishirini na tisa pia nazitoa."

Akello alikuwa ameshika pembe moja ya kioo, Nasipwondi pembe nyingine, wakavutana katikati ya vichanja vya omena kama wanawake wawili walioona leso moja nzuri sokoni. Ufuo wa Usenge ulikuwa macho tangu alfajiri. Omena, dagaa wale wa ziwani, ilikuwa imekwisha mwagwa juu ya nyavu na kutandazwa, inameta kama misumari mipya, na wanawake waliokaa kwenye vigoda kando ya vichanja vyao walikuwa wameacha mazungumzo yao ili wasipitwe na haya.

"Mtu akipita hapa atasema nini?" Akello aliuliza. "Bibi ya kijana yangu ananipora mchana?"

"Aseme."

"Mwache, Akello," alisema Mama Ondiek kutoka kichanja cha jirani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mashua iliyo mbali. "Huyu ni nyar Kimilili, msichana wa Kimilili. Kwao wanaanika mahindi. Mahindi haina haraka."

Wakacheka wote. Nasipwondi hakucheka, wala hakuachilia pembe yake. Miaka kumi na mmoja ya kuolewa na Robinson, mwana wa pekee wa Akello, ilikuwa imemfundisha kwamba mama mkwe huyu hupigana kwa mdomo hadi achoke, kisha hukuletea chai. Maneno hayakumtisha. Kilichomtisha ni kwamba Akello, ambaye akikugombeza hukukazia macho mpaka uangalie chini, leo alikuwa anagombana na sikio la kulia la mkaza mwana wake.

Nasipwondi alisogea hatua moja kushoto. Uso wa Akello ukamfuata, ukatua tena pale pale, sikioni.

Asubuhi ile Nasipwondi alikuwa ametoka Kisumu na pikapu ya kiwanda alichofanyia kazi kabla ya saa kumi na mbili, ametumwa kupangusa vioo kwa sababu ya wageni. Saa sita mchana Bwana Kishore, mwenye kiwanda, angeleta viongozi wa fuo tano, Luanda Kotieno ikiwa mojawapo, wajionee kwa macho yao. Nasipwondi alipofika, simu ya Akello ilikuwa inalia. Akello aliitazama, akaigeuza, akampa Mama Ondiek amsomee ni nani anayepiga. Mama Ondiek akaisogeza mbali, akaileta karibu, akampa mwenzake. Mwenzake akasema jua ni kali. Wa nne akasema macho yake yana vumbi tangu juzi. Simu ilipita mikono minne ikilia, ikanyamaza, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Nasipwondi aliichukua, akasoma: Robinson. Mwenyewe Robinson ndiye aliyeliandika jina hilo kwa herufi kubwa kama za bango, kabla hajarudi kazini Nakuru.

Halafu kulikuwa na ndege, au tuseme, hakukuwa na ndege. Pwani yoyote ya ziwa hili panapoanikwa omena haikosi yangeyange na kunguru. Ndiyo sababu wanawake hukaa kando ya vichanja kutwa nzima na fimbo mkononi. Usenge ile asubuhi hakukuwa na bawa moja angani. Alimwona yangeyange mmoja tu, chini, karibu na matete. Alikuwa anatembea kwa mzunguko. Kila alipokamilisha duara alijigonga kwenye mguu wa kichanja, akasimama, akatikisa kichwa, akaanza upya.

Nasipwondi alimtazama ndege huyo mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaenda kwenye kichanja cha mama mkwe wake, akafungua kamba, akakitoa kioo. Ugomvi ukaanzia hapo.

Kiliitwa kioo kwa sababu kiling'aa. Kwa kweli kilikuwa kipande cha plastiki, chembamba kama mfuko wa maziwa, upana wa kitanda na urefu wa mtu na nusu. Mgongo wake ulipakwa alumini, na uso wake ulikuwa na mifereji midogo iliyokandamizwa na mashine, midogo hivi kwamba mifereji mia ingeenea kwenye ukucha mmoja. Kazi ya mifereji ilikuwa kuugeuza mwanga. Kioo kilifungwa chini ya wavu wa omena, na jua likiwa bado limeinama asubuhi, mifereji iliushika mwanga, ikauelekeza juu, ukapenya matundu ya wavu na kuipiga omena tumboni. Samaki alikauka juu na chini kwa wakati mmoja, kama chapati kati ya vikaango viwili.

Kishore ndiye aliyekibuni, katika kiwanda chake cha mabeseni na mitungi kando ya barabara ya Busia, ukishapita Kisian. Nasipwondi alikuwa mpimaji wake wa ubora, mwenye diploma ya maabara na koti jeupe lenye kalamu tatu. Hesabu za Kishore zilitaka kioo kikae kimenyooka, kimekazwa kama ngozi ya ngoma. Lakini mwanamke wa omena hajui kukaza. Wavu wa kuanikia huulegeza makusudi, ubonyee katikati, ili upepo wa ziwa ukivuma omena isiporomoke pembeni. Mama yake alilegeza, na mama ya mama yake. Walipopewa vioo, mikono yao ilifanya ilichozoea: wakavifunga vikiwa vimelegea.

Kioo kilicholegea hakikuwa tena kioo cha Kishore. Kilikuwa kama mtaro mrefu wenye uso unaong'aa, na mwanga wote ulioingia mtaroni ulitoka umejikusanya kuwa ukanda mmoja mwembamba, mweupe, usioweza kuutazama. Omena iliyoanikwa asubuhi ilikauka kabla ya saa saba. Wanawake waliimba. Nasipwondi alikuja na vipimo vyake, akapima unyevu wa samaki siku sita mfululizo, akarudi kiwandani akaandika ripoti ambayo Kishore aliwasomea wafanyakazi wote kwa sauti. Ilisema kioo kisikazwe, kilegezwe shubiri moja. Ilisema pia, kama faida ya ziada, kwamba ndege hawasumbui tena.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa macho ya watu.

"Mama," alisema sasa, akaachilia pembe yake ghafla hivi kwamba Akello alirudi nyuma hatua mbili. "Tufanye hivi. Kuna karatasi kwenye gari. Nitakupa uiangalie. Ukiniambia mistari yote ni mizima, nitarudisha kioo kwa mikono yangu, nikae ndani ya gari mpaka wageni waende, na sitafungua mdomo."

"Hutafungua mdomo?"

"Hata kidogo."

"Lete hiyo karatasi haraka," alisema Mama Ondiek. "Hii siku tuiandike."

Ilikuwa kadi ya miraba, kipande cha manila kilichochorwa mistari myeusi ya kwenda juu na ya kukingama, na nukta moja katikati. Kiwandani waliisimamisha mbele ya plastiki iliyotoka mashineni, wakaitazama ndani ya mng'aro wake. Mstari ukipinda, plastiki ina kasoro. Nasipwondi alikuwa ameitazama kadi hiyo mara elfu kadhaa. Hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kugeuzwa imtazame mtu.

"Funika jicho la kushoto," alimwambia Akello. "Angalia hiyo nukta ya katikati."

"Nukta gani?"

"Iko katikati."

Akello alinyoosha mkono, akaisogeza kadi, akaikunjia uso. "Hii karatasi yako imetoboka. Hapa katikati hakuna kitu. Ni kama imeliwa na mchwa."

"Gusa hapo palipotoboka."

Kidole cha Akello, kigumu na chenye magamba ya samaki, kilikwenda katikati ya kadi. Kikakuta karatasi. Akapapasa. Akaigeuza kadi, akatazama nyuma, akairudisha, akapapasa tena. Wanawake walianza kusogea karibu mmoja mmoja.

"Iko," alisema polepole.

"Iko, Mama. Badilisha jicho."

Akafunika la kulia. Alikaa muda mrefu zaidi. "Hii inaona. Mistari iko. Mbili hivi zimelegea kidogo, zimeshuka kama kamba ya nguo. Lakini iko yote."

Nasipwondi alipiga hesabu. La kulia limeliwa. La kushoto limeanza tu kupinda. Kama lingeachwa sasa, labda lingebaki.

"Leteni hapa, nyinyi hamjui kusoma," alisema Mama Ondiek, akainyakua kadi. Aliitazama kwa macho yote mawili, akatabasamu, akatazama tena. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. "Lakini Akello, hii kitu imetoboka kweli."

Akampa mwenzake. Kadi ikapita mkono kwa mkono kama simu ilivyopita, na karibu kila aliyeishika alisema neno lile lile kwa namna yake: imeliwa, imemwagikiwa chai, imechomwa na sigara, panya. Wanawake waliokuwa karibu walikuwa kumi na wanne. Kumi na mmoja waliona tundu. Watatu walioiona kadi nzima walikuwa wapya kazini, wamekuja kutoka juu Bondo wiki moja tu iliyopita, na hao watatu walitazamana, wakavuta vigoda vyao nyuma kidogo.

"Ni hicho kioo," alisema Nasipwondi. "Mnakaa mkikitazama kutwa nzima, na saa sita mnainama juu yake kugeuza omena. Angalieni mwanga uko wapi saa hii."

Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Ukanda wa mwanga walikuwa wanaujua kama saa ya ukutani. Mtu akisimama kwenye kichanja saa tatu, ulimlala kwenye aproni. Saa nne ulipanda kifuani. Sasa ilikuwa saa tano kasoro, na kila mwanamke aliyesimama kando ya kichanja chake alikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, umepita kwenye koo.

Akello alikaa kwenye kigoda chake. Aliokota omena moja iliyoanguka, akaipuliza mchanga, akairudisha wavuni. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Unajua mvua ya saa nane, nyathina, mtoto wangu?"

"Naijua."

"Ikishika omena mbichi, inakuwa nini?"

"Chakula ya kuku."

"Chakula ya kuku. Miaka mingapi nimeuza chakula ya kuku na bado nikasomesha bwana yako? Sasa imekuja kitu inakausha kabla mvua haijafungua mlango. Unataka nitoe. Mimi niko na miaka sitini na nne. Macho yangu imeona mengi. Kazi yenye imebaki nayo ni kidogo."

"Kazi yenye imebaki nayo ni kukuvusha barabara bila kugongwa na bodaboda. Ni kujua nani anaingia kwako usiku. Hiyo ni kidogo?"

"Una mdomo mbaya."

"Niliupata kwako."

Mama Ondiek alicheka, kifupi, akaacha. "Si tungoje mwenyewe?" alisema. "Kitu iko na mwenyewe. Kishore akisema itoke, itatoka. Akisema ikae, nyar Kimilili, utaenda kukaa ndani ya gari vile ulisema."

Wengine waliitikia. Ilikuwa hukumu ya haki, na Nasipwondi aliikubali, kwa sababu alimjua Kishore. Mtu aliyekesha akipima unene wa plastiki kwa kipimo chake mwenyewe asingeshindwa kuelewa kadi ya miraba. Akello aliinuka, akachukua kioo chake, akakifunga tena chini ya wavu. Alikilegeza shubiri moja, sawasawa na ripoti ilivyosema.

Saa tano na nusu gari la Kishore lilishuka kwenye njia ya ufuo, peke yake. Wageni walikuwa nyuma, wamesimama Bondo kunywa chai. Kishore alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kitambaa na viatu vya raba. Babu yake alikuja na reli, na yeye alizaliwa Kisumu, akajua Dholuo kabla hajajua Kigujarati vizuri. Aliwasalimu wanawake wote, akamuuliza Mama Ondiek kama bado anatafuta bwana, akaambiwa bado, lakini si Mhindi. Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamjia Nasipwondi kando ya pikapu.

"Mbona hujapangusa?"

Alimweleza. Alieleza kama anavyoandika ripoti, bila kupamba: wangapi, jicho gani, tangu lini. Kishore alisikiliza akitikisa kichwa kwa upole. Nasipwondi alipomaliza, Kishore alinyoosha mkono.

"Hebu hiyo kadi."

Akaishika kwa urefu wa mkono, akavua miwani, akaivaa tena.

"Lakini hii ni kadi kuukuu, Nasipwondi. Imechakaa katikati. Kwani tumekosa manila kiwandani?"

Nasipwondi alikumbuka uwanja wa nyuma wa kiwanda, na mzee huyu amepiga magoti mbele ya kioo siku baada ya siku, akikaza kamba, akilegeza kamba, akitafuta kwa jicho ile shubiri kamili iliyoandikwa kwenye ripoti.

"Imechakaa wapi, Bwana Kishore?"

"Hapa." Akaizungusha kadi, chini ikaja juu. Akaizungusha tena, ubavu. Akaipeleka kushoto, akaileta kulia. Lau tundu lingekuwa la karatasi, lingezunguka pamoja na karatasi. Hili lilikaa katikati ya kila alichotazama, limetulia kama nzi aliyekufa kwenye kioo cha gari. Alikuwa mtu aliyeuchezea mwanga miaka arobaini. Hakuhitaji kufafanuliwa na mtu wa diploma.

Aliikunja kadi mara mbili, polepole, akaitia mfukoni mwa koti lake.

"Wageni wako Bondo," alisema.

"Najua."

"Leo waone. Wamesafiri. Kesho naita daktari wa macho, mimi mwenyewe nitalipa. Tutaagiza miwani nyeusi, ile ya mafundi wa kuchomelea."

"Itafika lini?"

"Wiki mbili. Tatu."

"Saa sita wanageuza omena. Ni nusu saa kutoka sasa."

"Mara moja tu, Nasipwondi. Siku moja haiongezi kitu."

"Umejuaje haiongezi?"

Kishore alikuwa anamtazama kwa huzuni ya kweli, uso wa baba, na macho yake yote mawili yalikuwa yametua kwenye sikio la kulia la Nasipwondi.

"Ukiwaambia leo, mbele ya wale watu, basi imekwisha," alisema. "Hakuna ufuo utakigusa tena. Hata kikitengenezwa vizuri. Hata kikikazwa. Wewe ndiye uliandika kilegezwe."

"Mimi ndiye."

"Basi ngoja kesho."

Akageuka, akawaendea wanawake. Aliwaambia kwa Dholuo, kwa sauti ya furaha aliyoizoea, kwamba kila kitu kiko sawa, kwamba kadi ilikuwa mbovu, kwamba waendelee na kazi na wageni wakija waonyeshwe omena ilivyokauka. Wale watatu kutoka juu Bondo walitazama chini. Mama Ondiek alipiga kofi moja, hakupiga la pili.

"Mwenye kitu amesema," Akello alimwambia Nasipwondi alipopita. "Gari lako lile pale."

Nasipwondi alikwenda kwenye gari. Alifungua mlango, akakaa, kama alivyoahidi. Kiti kilikuwa kimeungua kwa jua. Kupitia kioo cha mbele aliona ufuo wote, vichanja thelathini katika safu mbili, na chini ya kila kichanja mng'aro uliotetemeka kama maji yanayotaka kuchemka. Yule yangeyange alikuwa ameacha kutembea. Alikuwa amelala ubavu kando ya matete na bawa moja limefunguka.

Mbali, kwenye kilima, vumbi lilikuwa linainuka. Magari mawili. Wageni walikuwa wamemaliza chai.

Akello alisimama, akajifunga leso kiunoni, akakunja mikono ya gauni. Alichukua ufagio mdogo wa kugeuzia. Safu nzima ikasimama pamoja naye, kwa sababu Akello ndiye aliyekuwa akianza siku zote. Alisogea kwenye kichanja chake. Ule uzi mweupe ulikuwa umetoka kooni. Ulikuwa kwenye kidevu sasa, na kwa kuwa alianza kuinama, ulipanda kwenye mdomo, ukafika chini ya pua.

Nasipwondi alikuwa ameshuka garini kabla hajajua ameshuka. Hakwenda kwa Akello. Ugomvi ungechukua dakika tano, na dakika tano hazikuwepo. Alikwenda majini, pale wanawake wanaposugulia sufuria zao na mchanga, akanyakua karai la mtu, akachota mchanga wa ukingoni, ule wa rangi ya kijivu wenye vipande vya konokono ndani yake, akaujaza mpaka ukafurika. Alikimbia nalo limeegemea nyonga. Alipofika kwenye kichanja cha Akello aliinama, akafumba macho kabisa, akaingia chini ya wavu kwa magoti na kuumwaga mchanga wote juu ya kioo.

Kisha akasugua.

Alisugua kama anayetoa masizi ya sufuria za sherehe, kwa viganja viwili na uzito wa mwili wote. Kwanza alihisi plastiki inateleza, laini. Halafu mchanga ukauma. Ulitoa sauti nyembamba, kali, ya jino juu ya chuma, na chini ya vidole vyake ile mifereji mia kwa kila ukucha ikaanza kufutika.

"Nasipwondi, unafanya nini?" ilikuwa sauti ya Akello, juu yake, na mara mkono wa Akello ukamshika nyuma ya blauzi. "Toka hapo. Toka hapo, we mtoto."

"Angalia kidevu yako, Mama."

"Toka."

"Angalia mkono wako basi. Weka mkono pale mwanga huwa unapita."

Blauzi ilichanika begani. Hakusimama. Alisikia Kishore anakuja mbio na viatu vyake vya raba, akisema usisugue, usisugue na mchanga, hiyo haiwezi kurudi, Nasipwondi, hiyo ni kazi ya miaka sita. Alisikia Mama Ondiek akimwita mwizi kwa Dholuo, na kitu, fimbo ya kufukuzia ndege pengine, kikamwangukia mgongoni, mara moja na mara ya pili. Alimaliza nusu ya kushoto, akajivuta kwa viwiko, akasugua ya kulia. Alipofumbua macho kioo kilikuwa kimekuwa cheupe, butu, kama jicho la samaki aliyechemshwa. Ukanda ulikuwa umekatika vipande, kisha vipande vikasambaa, kisha hapakuwa na kitu chini ya wavu ila kivuli cha kawaida na harufu ya omena.

Akatoka upande wa pili, magoti yamechubuka. Akello alikuwa amesimama na mkono wake umenyooshwa juu ya wavu, kiganja chini, mahali mwanga ulipokuwa ukipita. Kiganjani hapakuwa na uzi mweupe. Aligeuza kiganja, akakigeuza tena.

Magari mawili yalikuwa yamefika kwenye mti wa kwanza wa ufuo, na milango ilikuwa inafunguka.

"Mshikeni," alisema Kishore, lakini hakumwambia mtu yeyote kwa jina, na wale watatu kutoka juu Bondo hawakusogea.

Nasipwondi aliokota karai. Alikwenda majini, akalijaza tena, akarudi akiwa ameinamisha kichwa ili asiione safu yote iking'aa, na akaingia chini ya kichanja cha Mama Ondiek.